Kunguru Ndani ya Kompyuta ya Mama

Mama yangu siku hizi anaishi Chanika, na bustani yake ya mchicha ameizungushia sidii zilizokufa. Amezitundika kwa uzi kwenye vijiti. Upepo ukipita zinazunguka na kumetameta, na ndege wakiuona ule mwanga wanasita kushuka. Mwezi uliopita nilikwenda kumjulia hali, nikawa nachuma mboga ya mchana huku nikizisukuma kwa kidole, moja baada ya nyingine. Kwenye mojawapo nikaona maandishi ya kalamu nene, yamefifia kwa jua hadi yamebaki rangi ya chai. Herufi zililala kinyume, kama za mtu aliyefundishwa kuandika Kiarabu kabla ya Kiswahili. Ulikuwa mwandiko wa Ami Seif.

Nilikaa pale pale kwenye tuta. Mama akauliza kutoka jikoni kama nimeumwa na siafu. Nikamwambia hapana, napumzika tu. Sikuweza kumweleza kwamba puani mwangu ilikuwa imeingia harufu ya vumbi la moto, ile iliyokuwa ikitoka nyuma ya kompyuta yetu ya Mwananyamala ikiwa imewaka tangu asubuhi.

Wa rika langu mtakumbuka jinsi miaka ile watu wazima walivyoanza kurudi nyumbani mchana. Mashirika ya umma yalikuwa yakiuzwa, na kila mtaa ulikuwa na baba au mama aliyepunguzwa kazini, anayekaa barazani na shati la ofisini bila kujua aanzie wapi. Mama alikuwa mpiga chapa. Alipopunguzwa, hakukaa barazani hata siku moja. Kiinua mgongo chake kilikwenda chote kwenye kompyuta ya mtumba, kubwa, ya rangi ya maziwa yaliyoharibika, na akaiweka chumba cha mbele kinachotazama njia. Nje akaning'iniza kibao: TUNACHAPA BARUA NA RIPOTI. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa, nyumbani tukimwona siku mbili tatu kwa mwezi, kwa hiyo mle ndani tulikuwa mie, mama, na ile mashine. Printa hatukuwa nayo. Mama alichapa, akahifadhi kwenye flopi, kile kipande bapa cha plastiki cha kutunzia kazi, na mwenye kazi akaibeba flopi yake hadi mjini kutolewa karatasi.

Kazi yangu ilikuwa kuifunika mashine kwa kitenge jioni, kuipangusa vumbi asubuhi, na kuwafukuza kuku. Nilikuwa darasa la nne na niliichukulia kazi ile kama cheo.

Halafu siku moja umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi kwa nguvu. Mama alipoiwasha mashine ikatoa sauti ya tak, tak, tak, kama kijiko kinachogonga kikombe kitupu, na kwenye kioo hakikuja kitu. Alijaribu mpaka magharibi. Mie nilikuwa mlangoni namwangalia mgongo wake, na kwa jinsi mabega yalivyotulia nikajua analia na hataki nijue.

Kesho yake akamwita Ami Seif. Huyu hakuwa ndugu yetu wa damu. Familia yake ilikuwa ya Waarabu waliokaa mtaani tangu babu zao, na watoto wote tulimwita Ami. Alikuwa na duka dogo la kutengeneza redio karibu na soko, mtu mnene, mpole, kidole gumba cheusi kwa risasi ya kulehemu. Akaifungua mashine, akasikiliza ile tak tak, akatikisa kichwa.

"Diski imekufa, Mama Sauda. Hiki ndicho kichwa chake, ndiko inakoweka kila kitu."

"Mpya je?"

"Mpya iko mjini. Lakini kwa bei ile, afadhali ununue mbuzi wa arusi."

Mama alikwenda nje akakishusha kibao, akakilaza nyuma ya mlango, uso ukiangalia ukuta. Kilikaa pale wiki mbili.

Alasiri moja Ami Seif akaja bila kuitwa, jasho likimtiririka, ameshika bahasha ya plastiki kama aliyebeba yai.

"Nimepata kitu, lakini sikuahidi. Mpwa wangu yuko Maskati, ananitumiaga magazeti ya kompyuta. Hili limekuja na sidii. Wanasema inaiwasha mashine isiyo na diski."

"Isiyo na diski itawakaje, Ami?"

"Ndiyo nimekuja tuone."

Akaisukuma sidii ndani. Ikazunguka kwa mlio mwembamba. Kioo kikawa cheusi, kisha maneno meupe yakaanza kushuka mstari kwa mstari, haraka hata nisiweze kusoma, na juu kabisa, kwenye pembe ya kushoto, akatokea ndege. Mnene, mgongo mweusi, kifua cheupe, amekaa kitako kama aliyeshiba.

"Mama! Kunguru!" nikasema.

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Mistari ilipokoma, ikabaki alama moja ndogo inapepesa, ikingoja aandike.

Ami Seif akaeleza polepole, nadhani na yeye alikuwa anajieleza mwenyewe. Hii inaitwa Linux, alisema. Haihitaji kukaa kwenye diski. Inatoka kwenye sidii, inaingia kwenye kumbukumbu ya muda, inafanya kazi humo humo. "Lakini ukizima, kila kitu kinaondoka. Kesho inaamka kama haijawahi kukuona. Kazi yako isevu kwenye flopi, na usizime kabla. Na flopi zako ziwe mbali na spika, mbali na kila chenye sumaku. Sumaku inafuta."

Akamwandikia kwenye jalada la daftari langu neno la kuipokea flopi na neno la kuiaga, maana mashine hii ilikuwa na adabu zake. Usipoipokea haikutambui, na ukiichomoa bila kuiaga inaweza kukuharibia. Na juu ya sidii akaandika kwa kalamu nene: USIZIME KABLA.

Mie katika maelezo yote yale nilibaki na jambo moja: kila kitu kinaondoka. Jioni ile mama alikuwa na furaha, akaniambia niandike jina langu. Nikaliandika, SAUDA, kwa kidole kimoja. Asubuhi mashine ilipoamka halikuwepo. Nikamuuliza mama limekwenda wapi.

"Limeondoka," alisema, na akaendelea na kazi yake.

Sasa mtoto wa Dar es Salaam kunguru humfundishi. Kunguru alikuwa anaiba sabuni kisimani, anaiba maandazi kwenye sinia la mwenye maandazi naye yupo. Mwaka ule ule mmoja alinipokonya kipande cha samaki aina ya changu mkononi, sijakigusa hata kwa ulimi. Na huyu wa kwenye mashine nilimwona mwenyewe, ndiye anayetokea wa kwanza kila asubuhi, kifua mbele. Sikuhitaji kuelezwa. Mama akizima, kunguru anakula. Niliwahurumia watu wazima ambao walikuwa hawajagundua, wakahangaika na maflopi badala ya kumfukuza mwizi.

Kibao kilirudi nje. Kazi zikaja, na kubwa kuliko zote ikaja na Dada Atupele. Alikuwa muuguzi, mtu wa Mbeya, amepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu, anasomea kozi ya kujiendeleza. Ripoti yake ilihusu kina mama wanaojifungulia nyumbani. Miezi mingi alikuwa amezunguka mtaani, nyumba hadi nyumba, akiwahoji wakunga na wazazi, na watu walikuwa wameshamzoea na mwavuli wake mwekundu. Ripoti ilitakiwa chuoni asubuhi ya Jumatatu. Asipoipeleka, kozi yote angeirudia, na ruhusa ya kazini asingepewa mara ya pili. Sehemu ya mwanzo alikuwa ameiandika kwa mkono, kwenye karatasi za kila aina. Sehemu ya mwisho, ile aliyoiita ya maana, hakuwa ameiandika kokote. Alikaa pembeni ya mama akawa anaisema na mama anachapa, siku tatu mfululizo, yeye akitembea huku na huku chumbani, mkono kiunoni.

Niliwasikiliza nikiwa nimekaa sakafuni. Kulikuwa na mama mmoja kwenye ripoti ile, hakutajwa jina, aliyejifungua peke yake siku ya mvua kwa sababu maji yalijaa mlangoni. Nilimpenda sana yule mama. Nikaapa kwamba kunguru hatamla.

Jumapili, siku ya mwisho, mama alichapa tangu asubuhi. Mtaa wetu ulikuwa kwenye zamu ya mgao, umeme ungekatwa saa kumi na mbili jioni mpaka kesho yake. Ilipoadhiniwa adhuhuri mama akahifadhi kazi, akaiaga flopi, akaichomoa na kuiweka mezani, mashine akaiacha inawaka. Akaenda kuswali, Dada Atupele akatoka kununua mihogo ya kukaanga.

Nikabaki mie, na flopi iko mezani peke yake, na dirisha wazi.

Niliichukua. Nilitafuta mahali ambapo hakuna ndege angefikiria. Redio yetu kubwa ilikuwa haina mfuniko wa nyuma, na mle ndani kulikuwa na kitu kizito cha duara, kama sufuria iliyofudikizwa. Nikaiegemeza flopi pale. Ilijishika yenyewe, nikafurahi kwamba haitaanguka. Kisha nikaenda chuoni kusoma Kurani, nimetulia moyo.

Niliporudi ilikuwa kama saa kumi na nusu. Dada Atupele alikuwa amefika mwisho. Alisema neno la mwisho, akaketi chini kwa kishindo, akacheka.

"Mama Sauda, nimezaa!"

"Hongera. Ngoja tumfunge kitovu," mama akasema, akipapasa mezani. "Flopi iko wapi?"

Nikaileta mbio, najisikia mtu. "Niliihifadhi mie!"

Mama akaisukuma ndani, akaandika neno la kuipokea. Mashine ikakoroma. Ikakoroma tena, ndefu, kama mtu anayevuta kiti sakafuni, kisha ikaandika mstari mmoja ambao mama aliusoma mara mbili. Akaichomoa, akaipuliza, akairudisha. Ikakoroma.

"Imekataa."

"Huwa inakataaga?" Dada Atupele akauliza, bado anatabasamu.

"Imechoka tu, imewaka kutwa nzima. Nitaizima niiwashe, itasoma. Si mchana niliisevu ikakubali? Hicho kipande cha jioni utakisema tena haraka haraka."

"Zima tu."

Nikauona mkono wa mama unakwenda kwenye kitufe. Na hapo, sijui kwa nini hapo na si kabla, nikaisikia sauti ya Ami Seif ikisema mbali na spika, mbali na sumaku. Nikaiona flopi inajishika yenyewe kwenye lile duara zito. Dukani kwake nilikuwa nimeshaona sumaku, misumari inaruka na kushika. Nilijua.

Nitasema kweli: kwa muda wa pumzi moja nilifikiria kunyamaza. Wangelaumu mashine. Hakuna ambaye angejua. Mkono wa mama ukagusa kitufe.

"Usizime!" Nilipiga kelele hadi kuku wa nje wakaruka. "Mama usizime, niliiweka kwenye spika! Flopi haina kitu, niliiweka kwenye spika ya redio!"

Mama akaganda. Akanigeukia, akaiangalia redio, akaiangalia flopi. Mkono aliuondoa kwenye kitufe taratibu, kama mtu anayeondoa mkono juu ya nyuki.

Dada Atupele alisimama. "Kwa nini?" alisema. Sauti yake haikuwa kubwa. "Mimi nimekukosea nini?"

"Kunguru," nikasema, nikaanza kulia, na kwao lile halikuwa jibu la kitu chochote.

Mama akanishika mabega. Viganja vyake vilikuwa vya baridi. "Sikiliza. Kazi ya Dada Atupele sasa iko mle ndani tu, kwenye mashine. Umeme ukikatika, imekwenda. Flopi nyingine sina. Kimbia kwa Ami Seif. Mwambie flopi. Na yeye mwenyewe aje."

Nilikimbia peku. Nakumbuka mchanga wa moto na ganda la chungwa nililolikanyaga, na kwamba kila nyumba iliyokuwa inapiga redio niliishukuru, maana redio ikilia umeme upo. Ami Seif alikuwa anashusha mlango wa duka. Hata shikamoo sikutoa. Nilimwambia yote, kwikwi katikati, na kunguru ndani yake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Flopi mpya zimekwisha juzi," akasema. Akasimama kidogo, mkono kwenye mlango. Kisha akaupandisha tena, akaingia, akatoka na flopi moja yenye karatasi ya kijani, na tukaondoka. Mtu mnene yule alikimbia. Watu barazani walisimama kumwangalia.

Tulipofika saa ilikuwa inakaribia kumi na moja na nusu. Dada Atupele alikuwa ameuegemea ukuta, mikono kichwani. Ami Seif akaketi, akaipokea flopi yake, na kwenye kioo ikaja orodha ndefu ya majina. Mama aliisoma akiwa amesimama nyuma yake.

"Ami, hii imejaa vitu vyako."

"Michoro ya redio. Kila redio niliyowahi kuitengeneza, nyaya zake zinakwendaje. Nilikuwa nachora kidogo kidogo kwenye kompyuta ya rafiki yangu."

"Unayo kwingine?"

"Niko nayo hapa," akasema, akajigusa paji la uso. "Nitachora tena. Ya huyu binti haina mahali pengine." Na akafuta. Ilichukua muda mfupi kuliko kumeza mate. Miaka miwili ya jioni zake, nilikuja kuambiwa na mama baadaye. Wakati ule niliona tu kidole gumba cheusi kinashuka kwenye kibodi, na orodha inatoweka.

Kisha akaihifadhi ripoti. Taa ndogo ya flopi ikawaka, ikawaka, ikawaka, sie wanne tukiiangalia. Ikazimika. Akaifungua ripoti kutoka kwenye flopi kuhakikisha, akashuka nayo mpaka chini, na nikamwona yule mama wa siku ya mvua akipita, mzima. Akaiaga flopi, akaichomoa, akampa Dada Atupele mkononi. Dada Atupele akaivingirisha kwenye leso na kuiweka kifuani.

Umeme ulipokatika bado tulikuwa tumekaa pale pale, na hakuna aliyeshtuka. Chumba kikawa cha kijivu. Ami Seif akaniuliza, "Haya, kunguru gani?"

Nikamweleza taratibu. Hakucheka. Akaniambia yule si kunguru, ni ndege wa nchi za baridi kali, wala hajui kuruka, anaogelea. Wenye kuitengeneza Linux wamempenda wakamfanya alama yao. "Na hakuna anayeiiba kazi ya mama yako. Mashine hii haina pa kuweka, basi. Kinachoandikwa humo kinabaki ikiwa sisi tumekichukua kabla."

"Wewe ushukuru mama yako yupo hapa," Dada Atupele akaniambia alipokuwa anavaa viatu. "Ningekuchapa." Halafu akarudi hatua mbili, akanipangusa kamasi kwa kiganja chake. "Lakini umesema. Ungenyamaza, ningekuwa nimekwisha."

Alipeleka ripoti siku ile ya Jumatatu, na alifaulu. Alituletea habari mwenyewe, na doti ya kanga kwa mama. Ami Seif alihamia Maskati kwa mpwa wake nikiwa sekondari, na amefia huko. Sikuwahi kumshukuru kama mtu mzima anavyomshukuru mtu mzima. Nilimwambia ahsante ya mtoto, ile ya kuangalia chini, na yeye alinijibu kwa kunipa pipi ya tangawizi. Sijui kama aliichora tena ile michoro. Nilimwona mara nyingi ameinamia redio za watu, bisibisi mkononi, akitafuta waya ambao zamani alijua unakwenda wapi, na sikuwahi kumsikia akitaja.

Mama hakunipiga. Usiku ule hakusema nami sana, na mie niliona afadhali kipigo. Nilikuwa na hakika kwamba nimeshatolewa kwenye chumba cha mbele, kwamba hata mashine ataifunika kitenge mwenyewe.

Umeme uliporudi Jumatatu alichapa barua za watu, mie nikabaki uani na vyombo. Ilipofika jioni akaniita. Nikaja hadi mlangoni, nikasimama.

"Ingia. Kaa hapa."

Akanikalisha kwenye kiti chake. Miguu haikufika chini. Kwenye kioo kulikuwa na kazi yote ya siku ile, barua tano, na flopi iko mezani.

"Kuanzia leo wewe ndiye unayesevu," akasema. "Mie nachapa, wewe unasevu."

Nilisukuma flopi. Niliandika neno la kuipokea, herufi moja moja, kwa kidole kimoja. Nilihifadhi barua ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Nikangoja ile taa ndogo izime. Nikaiaga. Nikaichomoa, na kuiweka kwenye kisanduku cha mbao mbali na kila kitu. Mama wakati wote huo alikuwa ameegemea fremu ya mlango, anajifunga kanga upya.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi zima, uje tule."

Nilimwangalia. "Huangalii kwanza?"

"Niangalie nini?" akasema mama, na akaenda zake jikoni. Nikamsikia anapuliza mkaa, anaimba chini chini. Nikaweka kidole kwenye kitufe, nikazima.